Mti unalelewa na mhogo, sio na muamala

Ikifika mwishoni mwa mwezi wa tatu, masika yakianza kupiga mabati huku Mbagala, kuna homa inatushika watu wa Dar wenye vishamba vya nje ya mji. Tunakumbuka miti. Mtu ana ekari yake moja na nusu Mkuranga, au Kisarawe kule ndani ndani, au Kiwangwa njia ya Msata, hajaikanyaga tangu Krismasi, ghafla anasimama kwenye vile vitalu vya miche vya barabarani anajaza buti ya gari, Jumamosi anaenda na vibarua watatu wanapanda, picha zinapigwa, stetasi inawekwa, jioni yuko kwenye foleni anarudi mjini na matope kwenye raba. Roho imetulia kabisa. Mpaka mwakani.

Na mimi nimo humo humo, nisije nikaonekana najitoa. Ila kuna kitu tumezoea kukisema ambacho leo nataka tubishane, kwamba miti yetu huku Pwani inakufa kwa ukame. Ukame upo, sikatai, sisi tuna mvua za misimu miwili, masika na vuli, na katikati kuna kiangazi cha Juni mpaka Septemba kinachokausha mchanga mpaka unaungua nyayo, na vuli zenyewe siku hizi unazisubiri kama mtu anayekudai anavyokusubiri wewe. Lakini nimezika miti mingi vya kutosha mpaka nimeanza kukitilia shaka hicho cheti cha kifo. Ninachoamini sasa hivi ni kwamba mti kwenye shamba la mtu asiyelala shambani unaishi au unakufa kutegemea yule anayelala pale, kama ana sababu yake mwenyewe, ya tumboni mwake, ya kutaka hilo eneo liwe limelimwa. Kama hana hiyo sababu we tuma hela mpaka laini ifungiwe.

Ngoja nielezee ilivyokuwa.

Aprili 2022 nilipanda mitiki 400 kwenye ekari moja kati ya mbili nilizonazo kwa ndani kutokea Kimanzichana, pale unashuka kwenye gari la kutoka Rangi Tatu unadaka boda mpaka mgongo unalia. Hesabu nilipigiwa na jamaa aliyeniuzia miche. Ekari ni zile hatua 70 kwa 70, kwa mita inakuja kama 63 na ushee kila upande, ukipanda mita 3 kwa 3 inaingia miti kama 450. Alafu ikafuata ile hesabu tamu ambayo kila mtu mjini kashaisikia, mti mmoja baada ya miaka 20 unauza laki tatu, zidisha mara 450, milioni 135 hiyo, na wewe umekaa zako unakunywa chai. Hiyo hesabu nitairudia huko mbele maana ina uongo wake.

Vibarua niliwalipa kwa shimo. Kuchimba na kupandia, shilingi 300 kila mche. Na kwa kweli nililipia mashimo na mashimo nikayapata, tena kwa spidi ya ajabu, saa nane mchana kazi imeisha, mimi nasifia vijana wanajituma.

Januari 2023 ndio nikaenda kuhesabu kwa utulivu. Vuli ya 2022 ilikuwa imetuangusha wote, wa Dar mnaikumbuka, Oktoba ile mto Ruvu ulishuka tukapigwa mgao wa maji mji mzima watu wanazunguka na madumu. Kwahiyo nilienda nikiwa na jibu tayari mkononi, ukame. Nikakuta mitiki hai 90 na kidogo. Nikaanza kung'oa mikavu, mmoja ukatoka laini kabisa kama unang'oa karoti, nikaugeuza, nikakuta kiriba bado kimeuvaa. Ule mfuko mweusi wa kitaluni, mzima, haujachanwa hata ukucha. Mizizi ndani imejizungusha imekuwa kama minyoo kwenye chupa ya maabara, imezunguka mpaka chini ikakosa pa kutokea. Nikang'oa mwingine, na mwingine. Katika 30 ya kwanza 11 ilikuwa na viriba vyake. Ukame gani huo unaopanda mche na mfuko?

Sasa hapo rahisi ni kuwatukana vijana, na nilianza hivyo, lakini fikiria vizuri. Kuchana kiriba taratibu bila kuvunja lile bonge la udongo inachukua dakika moja mbili. Ukilipwa kwa shimo, hizo dakika mbili unazitoa mfukoni mwako. Kuchimba futi mbili kwenda chini badala ya moja, kuweka udongo wa juu pembeni ule mweusi mweusi ili ndio urudi kwenye mizizi pamoja na samadi, hayo yote yanakupunguzia mashimo ya siku. Mimi ndiye niliyewapangia waharakishe.

Alafu kuna mzee wa shamba. Nitamuita hivyo hivyo, mzee, ni mwenyeji wa pale, nilimjengea kibanda kwenye eneo langu akae aangalie mali, na mwisho wa mwezi namtumia chochote kitu. Mei ile ya 2022 nilimtumia elfu 60 ya palizi. Akapokea, akashukuru, "Mungu akuzidishie mwanangu", wiki iliyofuata akamwomba mjukuu wake anitumie picha. Picha nne, mitiki imependeza, chini kweupe. Nilipofika mwezi wa nane nikagundua ni mitiki mitatu ile ile ya karibu na njia imepigwa kwa pembe nne tofauti. Sehemu iliyobaki majani yananifika kiunoni.

Nilinuna safari nzima ya kurudi. Ila baadae nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Mei ndio mwezi mpunga wake wa bondeni unazidiwa na majani. Ndio mwezi huo huo, wiki hizo hizo, ambazo mitiki yangu inataka jembe. Mzee ana mikono miwili na mke ana miwili. Akiacha mpunga apalilie mitiki, mwezi wa saba nyumbani kwake hamna chakula, na elfu 60 yangu hainunui mpunga wa familia wa nusu mwaka. Akiacha mitiki apalilie mpunga, anapata lawama ya kwenye simu. Wewe ungechagua nini? Na jiulize pia hiyo elfu 60 kwa ekari nzima yenye majani ya masika, shika jembe mwenyewe uone utafika wapi kabla hujaanza kutafuta kivuli.

Siku moja tumekaa kwenye gogo akaniuliza, "Mwanangu, hii mitiki, inaliwa lini?" Nikamwambia miaka 20 mzee wangu. Akacheka kwa adabu, akaangalia chini, akasema "Haya, inshallah." Umri wake amepita 60. Mimi nilikuwa namuomba alee kitu ambacho hatakiona, hakitampa kuni, hakitampa mboga, na kikifanikiwa ndio nitakuwa na sababu ya kumtoa pale. Hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoanza kuandika hii makala kwa kweli.

Watu wa misitu wameshaliona hili zamani sana. Huo mtiki wenyewe asili yake ni Asia, India na Burma huko, na ni huko Burma, ambayo leo ni Myanmar, kwenye karne ya 19 ndiko walikotengeneza utaratibu unaoitwa taungya, neno la Kiburma la shamba la mlimani. Serikali ya kikoloni ilitaka misitu ya mitiki, wanakijiji wanataka pa kulima, wakapatana hivi, we lima chakula chako hapa, ila katikati ya mistari panda na utunze mitiki yangu, miti ikikua unahamia kipande kingine. Palizi ikawa bure kwa sababu ni palizi ya chakula cha mtu. Hapa kwetu mfumo huo umetumika sana kwenye mashamba ya miti ya serikali kule Meru na Kilimanjaro upande wa Rongai, ukipita utaona mahindi, viazi na maharage katikati ya miche ya miti, na miche iko safi kuliko ya kwako na yangu. Hakuna mtu anayetumiwa elfu 60 pale.

Lakini tusiupambe. Huo mfumo una ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ndio unaoonyesha jinsi unavyofanya kazi. Miti ikishafunga kivuli, mwaka wa tatu wa nne hivi, mahindi hayatoki tena na mkulima anaondoka. Anajua hilo tangu siku ya kwanza. Ndio maana sehemu nyingi mfumo huu ulipotumika kuna malalamiko ya miche kukatwa mizizi kimyakimya, kufunikwa na udongo, "kuliwa na mchwa" mahali pasipo na mchwa, ili mti uchelewe na shamba lizidi kuwa shamba. Kwa hiyo haitoshi kumruhusu mtu alime katikati ya miti yako. Inabidi uangalie umepanda miti gani, kwa nafasi gani, na huyo mtu itamfukuza lini.

Na hapa ndio nagombana na mtiki wa mita 3 kwa 3 kwenye ekari moja ya mtu wa Dar. Tuanze na ile milioni 135. Hakuna shamba la mtiki linalovunwa na miti yote iliyopandwa. Ukiipanda minene hivyo lazima upunguze, mara ya kwanza ikiwa na miaka mitano hivi, alafu tena na tena, mpaka mwisho kwa ekari unabaki na miti kama 100, wakati mwingine chini ya hapo. Inayopunguzwa mwanzo ni nguzo na fito, bei yake ya fito. Ukikataa kupunguza kwa sababu ya uroho, na wengi tunakataa maana inauma kukata mti uliounyweshea, unapata ekari ya vijiti virefu vinavyogombania jua. Alafu mtiki unataka udongo wenye kina na rutuba na usiotuamisha maji, kama kule Mtibwa na Longuza au bonde la Kilombero, sio kichanga chetu hiki ambacho maji yanapita kama kwenye chujio la nazi. Utaota, sawa, ila ile miaka 20 ya muuza miche usiiandike kwenye kalenda.

Lakini hata udongo ungekuwa mzuri, bado shida yangu na hiyo nafasi ni mzee. Mita 3 kwa 3, masika ya tatu majani mapana yameshagusana, chini hakuoti kitu cha kuliwa. Mzee hana kazi pale. Na chini ya mtiki mnene panabaki peupe, matone makubwa yanadondoka kutoka kwenye majani yanachimba udongo unaondoka na maji, kwahiyo hata udongo wenyewe unakuaga.

Sasa linganisha na mkorosho. Mkorosho unapandwa mita 12 kwa 12, ekari inachukua 28. Ishirini na nane tu! Ukimwambia mtu wa mjini umepanda miti 28 kwenye ekari anakuonea huruma. Lakini katikati ya mkorosho na mkorosho kuna uwanja wa kulima miaka na miaka. Mwembe hivyo hivyo, mita 10 kwa 10 unapata 40. Mnazi, mita 9 kwa 9, hamsini, na chini ya mnazi watu wa pwani wamelima tangu mababu, mihogo, kunde, mananasi, kivuli chake chepesi. Hawa wazee hawakuwa wanapanda mbali mbali kwa kukosa miche. Walikuwa wanakula hapo chini.

Masika ya 2023 kwenye ile ekari yangu ya pili nilifanya tofauti. Mashimo 28 tu, sikulipa kwa shimo, nililipa siku, na nilikaa pale pale nachana viriba mwenyewe na wembe, niliondoka na malengelenge. Mikorosho ya kubebesha, hiyo inawahi kuzaa, kuanzia mwaka wa tatu hivi unaanza kuona kitu. Nikamwambia mzee, hii ekari nzima lima unachotaka, mhogo, kunde, mbaazi, mazao yote ni yako, sitaki hata debe, sharti ni moja, usisogelee mkorosho chini ya hatua mbili na hapo katikati pawe pamepaliliwa. Akaniangalia kama mtu anayesubiri mtego uko wapi. "Na mihogo yote yangu?" Yote mzee.

Mhogo una tabia zake, msije mkasema sikusema. Unashindana na mche mdogo kwa maji na chakula, na siku ya kuung'oa kama uko karibu unaondoka na mizizi ya mti. Ndio maana ya zile hatua mbili. Kunde ni rafiki zaidi, inafunika ardhi na inarudisha naitrojeni, mbaazi pia, mbaazi hata inakupa kakivuli ka kiangazi. Ila mzee anataka mhogo kwa sababu mhogo ndio benki, unakaa ardhini unakungoja, na mimi nilishajifunza kutobishana na tumbo la mtu.

Vuli ya 2023 ikaja na El Niño, mvua ikanyesha kama imetumwa, kila kitu kikapanda juu, majani nayo. Sikutuma hata mia ya palizi. Nilipokwenda Februari ile ekari ya mihogo ilikuwa imepigwa jembe mara mbili, na kila mkorosho una kisahani chake cha udongo, nyasi kavu zimetandazwa lakini zimeachwa mbali kidogo na shina. Nikamuuliza kwanini hazijagusa shina, akasema zikigusa mchwa anapandia hapo hapo anauvaa mti. Hilo mimi sikumfundisha. Mwaka mzima wa mitiki hakuwahi kuniambia habari za mchwa, na mchwa walikuwepo.

Maji kwenye kiangazi alimwagia kwa chupa, zile za lita moja na nusu, tundu dogo kwenye kizibo, inachomekwa kichwa chini inadondosha taratibu. Kwa miti 28 inawezekana, ni madumu mawili na kitu. Nikakumbuka mitiki 400 niliyomwambia "mzee usisahau kumwagia", lita tano kila mti tu, hizo ni lita 2,000, madumu 100 ya lita ishirini, kisima kiko kule bondeni. Yaani nilikuwa natoa maagizo ya kichaa kwa sauti ya upole kabisa.

Kilichonimaliza ubishi ni moto. Septemba 2024, wakati watu wanasafisha mashamba kungojea vuli, moto ulitoka upande wa pili wa njia, nani aliuwasha hatujui na hatutajua, ukaingia ekari ya mitiki ambayo kwa wakati huo ilikuwa nusu miti nusu pori. Majani makavu ya mwaka mzima, yaani petroli ya kusimama. Ikabaki mitiki kama 40, mtiki una ubishi, mingine ilichipua tena kutokea chini. Moto ukaja mpaka ulipoanzia mhogo, ukasimama. Hakukuwa na mtu wa kuuzima wala njia ya kuzuia moto iliyochongwa kwa bajeti, ulikosa tu cha kula kwa sababu chini palikuwa pamelimwa. Mkorosho mmoja wa pembeni uliungua majani upande mmoja kama mtu aliyenyolewa nusu.

Kuna faida nyingine sikuitegemea, shamba lenye mihogo linasomeka. Mfugaji anayepitisha ng'ombe kiangazi akiona majani ya kiunoni na vijiti vya mitiki haoni shamba la mtu, anaona malisho, na simlaumu sana, hata mimi nisingejua. Mvamizi na dalali wake wanasoma hivyo hivyo, pori halina mwenyewe. Mhogo unasema kuna mtu anakula hapa na ana panga.

Najua sasa hivi kuna mtu anasoma anatikisa kichwa, anasema umemkaribisha mtu alime ardhi yako, siku moja utaambiwa yake. Hofu hiyo ni ya haki kabisa na ndio sehemu ngumu ya jambo hili. Pwani tuna kawaida ya zamani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, minazi ya fulani kwenye kiwanja cha fulani, na ndio maana mwenye shamba akimpa mtu sehemu ya kulima anampa kwa mazao ya msimu. Lima mhogo, lima mtama. Mwembe hapana. Kupanda mti wa kudumu ni kutia saini. Hata siku ya fidia, ikipita barabara au nguzo za umeme, wathamini wanahesabu miti na anatafutwa aliyeipanda. Juu ya hapo sheria yetu ya ukomo wa muda inakupa miaka 12 kudai ardhi aliyoikalia mtu mwingine, na miaka 12 kwa mtu wa Dar anayeenda shambani mara mbili kwa mwaka ni kufumba na kufumbua.

Ila hapo hapo mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba mwalikwa hawezi kumpokonya mwenyeji aliyemkaribisha, hata akae miaka mingapi. Shida ni kuonyesha kwamba ulimwalika. Sisi tulienda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaandika karatasi moja, mimi, mzee, mashahidi wawili, kwamba analima kwa ruhusa yangu, mazao ya msimu ni yake, mikorosho ni yangu na ikianza kuzaa yeye anachukua korosho za miti 10 anayoichagua mwenyewe kila msimu anaoendelea kuitunza. Soda zikanywewa. Hiyo miti 10 ndio kifungu nilichobishana nacho usiku kucha na mke wangu. Hoja yangu ilikuwa kwamba kivuli cha mikorosho nacho iko siku kitausukuma mhogo pembeni, na siku hiyo nataka mzee awe na cha kubaki nacho, asianze kuuangalia mkorosho kama mtu anayemnyang'anya shamba. Msimu uliopita mitatu ilizaa, korosho za kujaza kofia, akazikaanga tukala hapo hapo. Akaniuliza habari za salfa, ile dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, inauzwa wapi, na inapigwa lini. Mzee wa "haya inshallah" anaulizia salfa.

Haya mambo yakikuzwa ndio unaona kwanini kampeni zetu za miti zinaacha vijiti. Kila Aprili Mosi ni siku ya taifa ya kupanda miti, na kila halmashauri ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo ni la kupanda. Ukimpima mtu kwa mashimo atakuletea mashimo, mimi nimeshalipia hilo somo shilingi 300 kila moja. Sijawahi kuona bango la mgeni rasmi aliyekuja Oktoba, kiangazi kikiwa kimeuma, kuhesabu ile aliyoipanda. Shule nyingine zimejitahidi, kila mtoto na mti wake wenye jina, na hiyo inafanya kazi kwa sababu ile ile, ila nayo inaishia siku mtoto akimaliza darasa la saba.

Wenzetu wa Mafinga na Njombe, kule nyanda za juu kusini, watasema mbona sisi misindano yetu inakua na hatufanyi haya yote. Sawa, nyie mna baridi, mna mvua moja ndefu ya Novemba mpaka Aprili, na zaidi ya yote mnaishi hapo hapo, baba anaamka anauona mti. Ushauri wenu ni mzuri kwa mtu wa kwenu. Ukiuleta Mkuranga kwa mtu anayeishi Tabata unamuua.

Ile ekari iliyoungua sasa hivi tumeshaigeuza, mitiki iliyochipua ya pembeni tumeiacha isimame mpakani, mita mbili ndani ya bikoni ili jirani asije kulalamika kivuli. Mpaka mzima wa ekari ukiuzungusha kwa mita 3 unakula miti kama 80, inatosha sana kwa ndoto za mbao. Katikati mzee kaweka mbaazi.

Kuna kitu kimoja bado sijakiamua. Safari ya mwisho nimekuta nyuma ya kibanda chake kamche ka mfenesi, kameshafika magotini. Hakuniuliza. Kwenye karatasi yetu ni mazao ya msimu tu, mfenesi unaishi kuliko mimi na yeye tukijumlishwa, na wote wawili tunajua maana yake. Mke wangu anasema ung'olewe sasa hivi kabla haujawa kesi. Nikausogelea nikauangalia. Kauzungushia miiba ya mbuzi wasifike, upande wa jua la mchana kaegesha beseni bovu lililotoboka liupe kivuli, chini kuna majivu ya kuzuia mchwa, na udongo ulikuwa bado umelowa wakati shamba zima limekauka. Hakuna mti hata mmoja kwenye ekari zangu mbili unaotunzwa hivyo. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu ananiangalia naangalia, hakusema kitu, mimi pia nikamuuliza tu habari za kunde.